Tusi, Laana na Madharau: Historia ya Majina ya Maneno Makali kutoka Pwani hadi Kayole

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayekutana na maneno ya Kiingereza "swearing", "cursing", "profanity", "obscenity", "insult" na "abuse" katika ukurasa mmoja huelekea kuyafasiri yote kwa neno moja la Kiswahili: matusi. Pale anapotaka kuonyesha staha zaidi, huandika "lugha chafu". Kutokana na mazoea hayo imejengeka dhana kwamba Kiingereza kina msamiati uliopevuka wa kupambanua aina za maneno yanayoudhi, ilhali Kiswahili kina kapu moja tu la kutilia yote. Dhana hiyo imeota mizizi mahakamani, shuleni na hata katika uhakiki wa fasihi, ambako kazi nzima ya sanaa huweza kutupiliwa mbali kwa hoja kwamba "ina matusi".

Makala haya yanadai kwamba Kiswahili huyapambanua maneno hayo kwa undani usiopungua ule wa Kiingereza, ila kwa kigezo kingine. Kiingereza, kwa historia yake, hutazama zaidi kitu kilichotajwa: je, ni Mungu, ni mwili, au ni usemi wa watu wa tabaka la chini? Kiswahili hutazama zaidi tendo lililopita kati ya watu: nani amemwambia nani, kwa mamlaka gani, mbele ya nani, na je, aliyeambiwa ana nafasi ya kujibu? Vigezo hivi viwili vilikutana katika karne ya ishirini chini ya sheria ya kikoloni na elimu rasmi, na cha pili kikafunikwa na cha kwanza bila kufutika.

Mtaa wa Kayole, mashariki ya Nairobi, unafaa kuwa kituo cha mwisho cha uchunguzi huu. Kayole ulistawi katika miaka ya 1980, baada ya mradi wa Dandora ulioanza mwaka 1975, katika kipindi ambacho jiji lilikuwa likigawa viwanja vilivyowekewa huduma ili wakazi wajijengee. Ni mtaa wa wapangaji wa makabila mengi wanaoishi ukuta kwa ukuta katika ploti moja, na ni miongoni mwa mitaa ya Eastlands ambako Sheng ni lugha ya kila siku. Mahali kama hapo, kujua tofauti kati ya neno la kuchekewa na neno la kupigania ni sharti la kuishi na jirani.

2.0 Migawanyo Miwili

2.1 Mgawanyo wa Kiingereza

Asili za maneno ya Kiingereza zinaonyesha wazi kigezo chake. "Profane" limetokana na Kilatini na maana yake ya awali ni kilicho nje ya hekalu. Hivyo "profanity" ni, kimsingi, kuleta jina takatifu mahali pasipo patakatifu. "Vulgar" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya watu wa kawaida, na kwa hiyo lina hukumu ya kitabaka ndani yake: ni usemi wa wasio na makuzi. "Obscene" ni kile kinachochukiza kutazamwa au kusikiwa, hususan kuhusu mwili. "Insult" peke yake, kwa asili, linataja tendo, kwani shina lake la Kilatini lina maana ya kumrukia mtu.

Neno "swear" lina historia ya kuvutia zaidi. Maana yake ya kwanza ni kula kiapo. Kwa kuwa watu waliapa ovyo kwa jina la Mungu, kitendo cha kuapa kikawa kosa, na hatimaye kitenzi hicho kikabeba pia maana ya kutoa maneno machafu ya aina yoyote, hata yasiyomtaja Mungu. Historia hiyo imeacha alama katika fasihi. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza waigizaji kulitumia jina la Mungu ovyo jukwaani. Ukilinganisha toleo la Othello la mwaka 1622 na lile lililomo katika mkusanyiko wa kazi za Shakespeare wa 1623, unaona viapo vingi vimeondolewa. Mizaha ya kimwili, ambayo msomaji wa leo angeiita michafu zaidi, iliachwa. Uingereza ya enzi hiyo iliogopa jina takatifu kuliko kiungo cha mwili. Katika karne zilizofuata mizani ikapinduka, na mwili ukachukua nafasi ya Mungu kama mwiko mkuu. Hata hivyo kigezo hakikubadilika: bado kilichotazamwa ni kitu kilichotajwa.

2.2 Mgawanyo wa Kiswahili

Kiswahili hakikuchanganya kiapo na tusi. Kuapa ni kumshuhudisha Mungu kwamba usemalo ni kweli. Kutokana na kitenzi hicho kimepatikana kuapiza, yaani kumwombea mtu shari, na apizo huweza kutolewa na yeyote aliyedhulumiwa, hata kama ni mnyonge. Laana ni jambo jingine. Laana huhitaji mamlaka. Hutoka kwa Mungu, kwa mzazi au kwa mkubwa, na kinyume chake ni radhi. Mtoto anaweza kumtukana mzazi wake, na hilo ni kosa kubwa, lakini hawezi kumlaani. Neno la Kiingereza "curse" hujumuisha yote mawili na kuificha tofauti hiyo.

Kutukana ni kitenzi chenye shina la Kibantu. Shina hilo hilo linapatikana katika Kizulu likiwa na maana iyo hiyo. Kinachofanya neno liwe tusi ni kwamba limeelekezwa kwa mtu na kumshushia hadhi. Ndani ya matusi kuna daraja la "matusi ya nguoni", yaani yale yanayotaja kilicho chini ya nguo, aghalabu cha mzazi wa anayetukanwa. Istilahi hii inastahili kuzingatiwa. Yale ambayo Kiingereza kingeyaita "obscene" Kiswahili hakikuyaita machafu. Kiliyaeleza kama tendo la kumvua mtu nguo mbele ya watu. Kashfa inafuata mantiki hiyo hiyo, kwani asili yake ya Kiarabu ni kufunua. Tofauti ni kwamba tusi la nguoni hufunua mwili kwa maneno, na kashfa hufunua siri.

Zaidi ya hayo kuna matendo ambayo Kiingereza hakina neno moja la kuyataja. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili ajione duni. Maneno yenyewe yanaweza kuwa masafi kabisa na ya kweli, na ukweli wake ndio unaochoma. Kusuta ni kumkabili mtu kwa ushahidi wa uongo au umbeya wake, mbele ya mashahidi. Kusengenya ni kumsema asiyekuwapo. Kupiga kijembe ni kusema neno lisilotaja jina, ambalo mlengwa analijua na msemaji anaweza kulikana. Kusonya ni sauti tu ya mdomo, isiyo na neno lolote, na watu wamegombana kwa sababu yake.

Upambanuzi huo ulipata nguvu pia kutokana na mafundisho ya dini. Sura ya 49 ya Qurani, aya ya 11 na 12, inataja kwa mfuatano dhihaka, kutiana ila, kuitana kwa lakabu mbaya, kudhaniana vibaya na kusengenyana, na kukataza kila moja kwa jina lake. Aya ya 4 ya Sura ya 24 inaweka adhabu mahususi kwa anayewasingizia wanawake wenye heshima zinaa bila mashahidi, kosa ambalo wanasheria wa Kiislamu hulitenga na matusi ya kawaida. Jamii iliyofundishwa hivyo isingeweza kuridhika na kapu moja. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, adabu na ulimi mwema vinashika nafasi ya pili katika wasia wa mama, mara baada ya dini. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliweza kuwashambulia wapinzani wa mji wake kwa mafumbo yaliyouma bila kuwatukana, kwa sababu hadhira yake ilijua vyema mpaka baina ya kejeli na tusi.

3.0 Maneno Yaliyohama

Mipaka hiyo haikukaa mahali pamoja. Baadhi ya maneno yalipanda hadhi na mengine yakashuka, na safari zake ni sehemu ya historia ya jamii yenyewe.

Shutumu ni mfano wa neno lililopanda. Katika Kiarabu, kitenzi lilikotoka kina maana ya kutukana. Katika Kiswahili cha leo, kushutumu ni kulaumu vikali, na mtu mwenye cheo hushutumu jambo bila kuvunja heshima yake. Kulaani nako kumepoteza uzito katika lugha ya magazeti. Serikali "inalaani" shambulio na kamati "inalaani" kitendo, wala hakuna anayetarajia moto kushuka kutoka mbinguni. Kashfa nayo imeongeza maana: tangu miaka ya 1990, kwa habari za Goldenberg na nyingine zilizofuata, msomaji wa Kenya anaposikia neno kashfa hufikiria kwanza wizi wa mali ya umma, na baadaye tu, kama atafikiria, kuvunjiwa heshima kwa mtu.

Mshenzi ni mfano wa neno lililoshuka. Katika miji ya pwani ya karne ya kumi na tisa, neno hilo lilimtaja mtu wa bara asiyekuwa na dini wala desturi za mji. Lilikuwa kinyume cha mstaarabu. Lilikuwa na dharau ndani yake bila shaka, lakini lilitumika kama jina la kundi, hata mbele ya wahusika. Walowezi wa Kizungu walilichukua, wakalikata kiambishi, na kusema "shenzi" kwa mbwa asiye na nasaba, kazi iliyofanywa vibaya na mfanyakazi Mwafrika kwa pamoja. Ndipo lilipogeuka kuwa tusi la kurushwa. Mkazi wa Eastlands anayelitamka leo amelirithi kwa njia ya mwajiri wa kikoloni zaidi kuliko kwa njia ya Mswahili wa pwani.

Malaya lina historia iliyo karibu zaidi na Kayole. Luise White (1990), katika utafiti wake juu ya ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba wanawake wa Pumwani na mitaa jirani walizitofautisha namna tatu za kazi hiyo. Watembezi walitafuta wateja barabarani; wazi-wazi waliketi nje ya milango yao; na malaya walikaa ndani ya vyumba vyao, wakawapokea wateja kwa staha na hata kuwapa chakula na maji ya kuoga. Baadhi yao waliweka akiba wakajenga nyumba za kupangisha. Hivyo malaya lilikuwa jina la namna ya kazi, tena ile iliyokuwa na heshima zaidi miongoni mwa majirani. Leo namna hizo tatu zimesahaulika, na neno lililobaki ni tusi linalorushiwa hata mwanamume au mwanasiasa anayehama vyama. Neno lililokuwa likipambanua limepoteza kazi hiyo na kubaki na sumu pekee.

4.0 Sheria na Shule

Utawala wa Waingereza ulileta mgawanyo wao katika maandishi. Kuanzia mwaka 1897 Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya, hadi ilipochukuliwa nafasi na Kanuni ya Adhabu ya 1930. Kifungu cha 94 cha kanuni hiyo kinamtia hatiani mtu anayetumia, mahali pa hadhara, maneno au vitendo vya kutisha, kutusi au kufedhehesha, kwa nia ya kuvuruga amani au kwa namna inayoelekea kuivuruga. Kwa Kiingereza "abusive" na "insulting" ni maneno mawili. Katika kinywa cha mkalimani wa mahakama ya mwanzo yaligeuka kuwa moja. Swali lililobaki ni: je, alitukana au hakutukana?

Ni kweli kwamba kifungu hicho kinauliza kuhusu amani, na hivyo kina mbegu ya kigezo cha uhusiano. Lakini amani inayozungumziwa ni ya serikali. Katika kigezo cha Kiswahili anayedai ni aliyetukanwa, na suluhu yake ni kuombwa radhi mbele ya wale wale waliosikia. Katika kigezo cha sheria anayedai ni dola, na suluhu ni faini au kifungo. Aliyetukanwa amekuwa shahidi katika jambo lake mwenyewe, tena shahidi anayetakiwa kuyarudia kwa sauti maneno ambayo adabu inamtaka aseme tu kwamba "hayasemeki".

Sheria hiyo pia ilikuwa na macho makali zaidi kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 132, kilichofanya kuwa kosa kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, kilidumu hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2017. Jirani ya Kenya inatoa mfano ulio dhahiri zaidi. Mwanazuoni Stella Nyanzi wa Uganda alikamatwa mwaka 2017 baada ya kumfananisha rais na makalio, na mwaka 2019 akahukumiwa kwa shairi lililotaja uzazi wa mama yake rais. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 2020. Kwa kigezo cha mada, kesi hiyo ni ya uchafu. Kwa kigezo cha tendo, swali ni jingine: mnyonge anapomtukana mwenye nguvu anayeweza kumfunga, je, tendo hilo ni sawa na la mwenye nguvu anayemtukana mnyonge? Carol Summers (2006) ameonyesha kwamba katika Buganda ya miaka ya 1940 ufidhuli wa makusudi ulikwisha kuwa mbinu ya kisiasa, kwa sababu adabu ilikuwa sehemu ya utawala wenyewe.

Shule nayo iliendeleza kazi ya sheria. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, usanifu ukawa kipimo cha ubora, na lolote lililokuwa nje yake likawa katika hatari ya kuitwa "chafu". Hapo istilahi "lugha chafu" ilibeba mambo mawili yasiyohusiana: matusi, na Sheng. Mwanafunzi wa Kayole aliyemsalimu mwenziwe kwa Sheng uwanjani na yule aliyemtusi mamaye mwenziwe waliweza kupewa adhabu moja. Hukumu hii ni ile ya neno "vulgar": usemi ni mbaya kwa kuwa ni wa watu wa chini. Haikuwa ya asili katika Kiswahili, na imekikosesha somo la Kiswahili nafasi ya kufundisha tofauti ambazo lugha yenyewe inazo.

Uhakiki wa fasihi haukusalimika. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilizuiwa shuleni nchini Tanzania kwa muda kwa sababu ya namna ilivyozungumzia mwili na mapenzi. Lakini katika riwaya hiyo msomaji hatukanwi. Kilichofanyika ni kufunua unafiki wa malezi. Kama msamiati wa asili ungetumiwa, mjadala ungekuwa juu ya kufunua na kusitiri, na huo ungekuwa mjadala wa maana kwa riwaya hiyo.

5.0 Kayole: Kuchongoana na Madharau

Wataalamu hawakubaliani kuhusu umri wa Sheng. Wapo wanaoitafutia chimbuko katika Nairobi ya miaka ya 1930 na wapo wanaoihusisha na miaka ya 1970. Kuhusu mahali hakuna ubishi mkubwa: ni Eastlands. Katika lugha hiyo, msamiati wa maneno makali umejengwa upya. Kwanza, jina tusi limezaa kitenzi kutusi, kinachotumiwa sambamba na kutukana au badala yake. Pili, kumeibuka misemo inayotaja athari badala ya neno: kumchomea mtu picha ni kumharibia sura yake mbele ya watu, kumzushia ni kumfanyia vurugu hadharani. Misemo yote miwili inahitaji hadhira ili iwe na maana. Anayechomewa picha peke yake, bila mtazamaji, hajachomewa.

Tatu, na muhimu zaidi, kuna mchongoano. Jina hili linatokana na kuchonga, yaani kutia ncha. Ni mashindano ya vijana wawili kutupiana maneno ya kudhalilisha kuhusu umaskini, sura au wazazi, huku wenzao wakiwa waamuzi kwa kicheko. Mfano wa muundo wake ni huu: "Keja yenu ni ndogo mpaka jua ikiingia nyinyi mnatoka." Kwa kigezo cha mada, huku ni kumtusi mtu kwa umaskini wa wazazi wake. Kwa kigezo cha tendo, si tusi hata kidogo, kwa kuwa masharti matatu yametimia: lililosemwa ni muhali, wasikilizaji wanajua ni mchezo, na aliyeambiwa ana zamu ya kujibu.

Mchezo huu una ndugu zake. Dollard (1939) aliuchunguza mchezo wa namna hiyo miongoni mwa vijana Weusi wa Marekani, na Labov (1972) akaonyesha kwamba ndani yake tusi la mchezo hubaki mchezo madhali si kweli. Likigusa kweli, aliyeambiwa hukana badala ya kujibu, na mchezo huvunjika. Afrika Mashariki nayo inaujua utani, uhusiano ambao Radcliffe-Brown (1940) aliujadili kama ruhusa ya kutoheshimiana bila kukasirikiana. Tofauti ni kwamba utani hurithiwa kwa kabila au ukoo, wakati mchongoano hauulizi kabila. Katika mtaa ambao jirani wa kulia na wa kushoto hawana ukoo mmoja, vijana wamejitengenezea utani usiohitaji nasaba.

Sharti la uongo ndilo linaloonyesha jinsi vijana hao wanavyoijua mipaka ya kale bila kuitaja. Mfano wa jua kuingia nyumbani unachekesha pale ambapo nyumba zote za wachezaji ni ndogo kwa kiasi kimoja. Ukisemwa na kijana wa nyumba ya mawe kwa mwenziwe anayekaa na nduguze watano katika chumba kimoja cha mabati huko Soweto, umekoma kuwa mchongoano. Umekuwa masimango. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba aliyeambiwa hawezi tena kujibu, kwa sababu lililosemwa ni kweli.

Nne, kuna neno madharau. Katika Kiswahili sanifu dharau haihitaji wingi. Nairobi imelipa kiambishi na kulifanya jina la kosa kuu kati ya majirani. "Usiniletee madharau" huweza kusemwa kwa mtu ambaye hakutamka lolote: amepita bila kusalimu, amesonya, amegeuza mgongo akiongeleshwa, au ameanika nguo zake juu ya za mwenzake. Wakati huo huo marafiki wawili katika kituo cha matatu huitana majina ambayo mahakama ingeyaita matusi ya nguoni, na hakuna anayedai kadharauliwa. Kigezo cha tendo, ambacho sheria na shule vilikifunika, kimerudi Kayole kikiwa na jina jipya.

Isidhaniwe kwamba kila kinachosemwa mtaani kina hifadhi ya mchezo. Mwaka 2019 wimbo "Tarimbo" wa kundi la Ethic, la mtaa jirani wa Umoja, ulishutumiwa kwa kuonekana kuhalalisha ubakaji; kundi hilo likaomba radhi na wimbo ukaondolewa mtandaoni. Mjadala ulioufuata uliendeshwa kwa istilahi ya "uchafu", kana kwamba kosa lilikuwa kutaja mwili. Kwa kigezo cha tendo kosa lilikuwa zito kuliko hilo: wimbo uliwalenga wanawake ambao hawakuwa wachezaji wala hawakuwa na zamu ya kujibu. Anayeuita wimbo huo mchafu tu anauweka pamoja na maelfu ya nyimbo za ashiki zisizomdhuru mtu, na kwa kufanya hivyo anaupunguzia kosa lake.

6.0 Maneno Masafi Yanayoua

Udhaifu wa kigezo cha mada unaonekana zaidi katika siasa. Neno doa ni safi. Hupatikana katika matangazo ya sabuni. Wingi wake wa kurudufu, madoadoa, ulitumiwa katika Bonde la Ufa tangu machafuko ya kikabila ya miaka ya 1990 kuwataja watu wa makabila mengine waliokuwa "wakichafua" eneo, na hivyo walipaswa kuondolewa. Hakuna kamusi ambayo ingeliorodhesha kama tusi. Hata hivyo ni neno linalofanya kile ambacho tusi zito la nguoni haliwezi kufanya: linamwondoa mtu katika idadi ya watu na kumfanya kitu cha kusafishwa.

Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 33, zililiona pengo hili na kuingiza dhana ya matamshi ya chuki. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitumia neno madoadoa katika mkutano wa hadhara huko Eldoret. Aprili mwaka huo, Tume ya Uwiano ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa wakati wa kampeni. Madoadoa lilikuwamo, na lilistahili kuwamo. Lakini lilikuwamo pia neno la Sheng "hatupangwingwi", lenye maana ya kukataa kupangiwa mambo na wengine, ambalo vijana walilipata katika muziki na wanasiasa wakaligeuza kaulimbiu. Mabishano yalizuka mara moja, na yalikuwa ya haki. Orodha ni chombo cha kigezo cha mada: hudhani ubaya umo ndani ya neno, kama sumu katika chupa. Madoadoa humnyima mtu haki ya kuwapo. Hatupangwingwi hukataa kuamrishwa. Kuyaweka katika orodha moja ni kurudia, kwa nia njema, kosa la mkalimani wa mahakama ya kikoloni.

Kwa wakazi wa Kayole tofauti hii haikuwa suala la istilahi. Katika ploti ambako makabila matano huchota maji katika mfereji mmoja, neno safi lililosemwa mbali katika mkutano wa siasa linaweza kuvunja ujirani ambao matusi ya kila siku hayakuuvunja.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba upungufu unaodaiwa wa Kiswahili katika kutofautisha maneno makali ni upungufu wa mazoea ya kufasiri. Kuapa, kuapiza, kulaani, kukufuru, kutukana, kukashifu, kusimanga, kusuta, kusengenya na kudharau ni matendo kumi tofauti, na kila moja lina mtendaji wake, hadhira yake na fidia yake. Sheria ya kikoloni na elimu rasmi ziliyabana katika neno "matusi" na baadaye "lugha chafu", istilahi ambayo humhukumu msemaji kwa mtaa anakotoka kabla ya kuuliza alichomfanyia mwenzake.

Mambo mawili yanafuata kwa mhakiki na mfasiri. Kwanza, kila anapokutana na neno kali katika matini, budi aulize tendo kabla ya kuuliza mada. Mhusika anayetukana, anayesimanga na anayeapiza ni wahusika watatu, na riwaya inayowatofautisha haiwezi kusomwa vyema na mhakiki asiyewatofautisha. Pili, Sheng ya Eastlands isisomwe kama shimo ambamo adabu ya Kiswahili imezama. Katika kuchongoana na katika kulalamikia madharau, vijana wa Kayole wanaendelea kuuliza maswali yale yale yaliyoulizwa Mombasa ya Muyaka: limesemwa na nani, mbele ya nani, na je, aliyeambiwa anaweza kujibu? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Neno ambalo mtu hawezi kulijibu, liwe chafu au safi, ndilo ambalo lugha hii tangu zamani ililihesabu kuwa dhuluma.